Jumatano Ambayo Hawakusoma

Sabine alikuwa mtu wa kusikia Neno, hilo hakuna aliyeweza kumnyima katika kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Wengine huenda misa kuonyesha vitenge, wengine kupiga soga nyuma ya ukuta padri anapohubiri. Yeye alikaa benchi la pili, mikono magotini, akaipokea Injili ya siku kama mgonjwa anavyopokea dawa, akaenda nayo nyumbani kuitumia juma zima. Ndivyo shirika lao, jumuiya ndogo ya Mtakatifu Yosefu, lilivyofundishwa tangu kule kwao Fizi, Kongo. Jumatano mnasoma mapema Injili ya Jumapili inayokuja, kila mmoja anasema imemgusa wapi. Jumapili mnaisikia tena kanisani. Kisha inaingia jikoni, inakaa na nyinyi.

Na Jumapili ile ilimwingia Sabine mpaka kwenye mifupa. Ndugu yako akikukosea, mwendee umwonye, wewe na yeye tu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asipowasikia hao, liambie kanisa. Na kanisa nalo akilikataa, basi, awe kwako kama mpagani.

"Umesikia?" alimnong'oneza mume wake. "Njo dawa ya Gloriose ile, ndiyo hiyo."

Ezechiel alitazama viatu vyake. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na asipojibu mkewe alihesabu kwamba amekubali.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa miaka mingi familia hiyo ilingoja safari ya kwenda ng'ambo. Mwezi wa pili waliitwa kuhojiwa, mume chumba chake, mke chumba chake. Mwezi wa nane wakaitwa tena, na kijana mmoja wa ofisi akawaambia, bila hata kuinua macho, kwamba dosye yao, faili la safari, imesimama, kwa kuwa mtoto Cadeau si wa kuzaa kwao na walimwandikisha kama wamemzaa. Sabine akauliza ni nani kasema. Kijana akajibu habari wanazo, akaita watu wengine waliokuwa wakingoja.

Na kweli hakumzaa. Cadeau alikuwa wa marehemu mdogo wake, aliyefia njiani wakikimbia, akaacha kichanga cha kitovu kibichi. Sabine hakuwa na maziwa. Aliyemwokoa yule binti ni Gloriose, Mrundi waliyekutana naye katika msafara, mwenye kichanga chake mwenyewe mgongoni. Ziwa la kulia akampa mwanawe Carelle, la kushoto akampa Cadeau. Tangu hapo hawakuachana. Dzaleka walijenga ukuta kwa ukuta, wakapikia jiko moja, chumvi ikiisha huku inavuka kutoka kule. Carelle alimwita Sabine mama mukubwa. Na duniani kote waliojua siri ya Cadeau walikuwa watu watatu: Sabine, Ezechiel na Gloriose.

Haya, fanya hesabu wewe mwenyewe. Sabine aliifanya, likabaki jina moja. Tena dosye ya Gloriose ilikuwa imekataliwa mwaka uliopita, na wivu haukosi pa kuota.

*

Jumatatu asubuhi alivuka ukuta kwenda kumwonya mwenzake, wawili peke yao, kama alivyosikia. Gloriose alikuwa anakanda unga wa mandazi ya kuuza sokoni, mikono myeupe mpaka viwiko.

"Karibu, Mama Cadeau. Kaa. Chai iko."

"Sikukuya juu ya chai." Hata hivyo akakaa, na chai akainywa.

Sasa, kwao Sabine mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake "umenikosea" machoni pake. Huo ni utovu wa adabu, unaachiwa watoto na walevi. Mtu mzima huzunguka. Anatupa neno pembeni, na mwenye kisa alidake mwenyewe. Kwa hiyo Sabine aliweka kikombe chini akasema:

"Mama Carelle, bantu ba siku hizi! Mutu anakula na we sahani moja, kisha anageuka kuitemea mate."

"Ego, kweli kabisa," alisema Gloriose. "Batu bamekuwa babaya."

"Kikulacho kiko ndani ya nguo yako."

"Nani amekufanyia hivyo tena? Ni ule mama wa kule kwenye bomba la maji?"

"Mi sitaje jina. Mwenyewe anajijua."

"Umwachie Mungu, ndugu yangu," alisema Gloriose kwa huruma yote, akamfungia Cadeau mandazi katika kipande cha gazeti.

Sabine alirudi kwake na mandazi yake mkononi, moyo ukimchemka. Ezechiel alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa anashona magauni mawili ya komunyo ya kwanza, la Cadeau na la Carelle, kutoka kitambaa kimoja cheupe ambacho mama hao wawili walikwenda kukichagua pamoja mjini. Watoto wangepokea Jumapili inayokuja.

"Nimemwonya," alisema Sabine. "Anajifanya hasikie. Eti ananiuliza ni nani amenifanyia! Ana uso wa kuniuliza ni nani!"

"Labda hakuelewa."

"Hakuelewa nini? Kwani nilisema Kizungu?"

"Labda… labda haiko yeye."

"Ni nani basi? Ni mi? Ni we?"

Ezechiel akaikanyaga cherehani, ikalia kwa kelele, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Jumanne Sabine alichukua mashahidi wawili, akaenda nao kwa Gloriose. Wa kwanza alikuwa Mulenda, prezida wa shirika, aliyekuwa mwalimu kule Uvira, mtu anayependa kila jambo liende kwa utaratibu wake. Wa pili alikuwa Léoncie, jirani, Mrundi kama Gloriose. Hapo Sabine hakuzunguka tena. Mbele ya mashahidi alisema wazi: wewe ndiye uliyekwenda ofisini kuchoma dosye yetu.

Gloriose alisimama. Alifuta mikono yake kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akakaa kimya.

Warundi wengi wa rika lake wamelelewa hivyo. Ukitupiwa neno zito, hulirudishi palepale kama mpira. Unalimeza kwanza, unalala nalo, kesho unajibu kwa heshima. Léoncie alilijua hilo vizuri, maana ndivyo alivyolelewa yeye pia. Hakulisema. Alikuwa ameitwa shahidi, na ushahidi ulikuwa unamkaa vizuri kama kilemba kipya.

Mwishowe Gloriose aliuliza swali moja tu. "Mama Cadeau, jana si ulikuwa hapa? Juu ya nini hukuniuliza?"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia nini?"

Sabine alitafuta alichosema jana, akaona hakisemeki mbele ya watu. Mulenda akakohoa.

"Kwa hiyo mama hakubali," alisema.

"Hakubali, hakatae," alisema Léoncie.

"Kunyamaza ni kujibu," alisema Mulenda, na wakaondoka.

*

Jumatano alasiri shirika lilikutana uani kwa Mulenda. Walijaa kuliko siku zote, hata wale wa kuja mara mojamoja walifika na vigoda vyao. Waliimba, wakafanya ishara ya msalaba. Kwa kawaida hapo Mulenda hufungua kitabu na kumpa mtu asome Injili ya Jumapili inayokuja. Siku hiyo alikiweka magotini kikiwa kimefungwa.

"Bandugu, leo hatutasoma," alisema. "Tuko na shauri, na wakati ni mudogo. Injili tutaisikia kulekule kanisani."

Hakuna aliyepinga. Shauri la mtu lina utamu kuliko somo, tukubali tu, jamani. Hata Sabine, mtu wa Neno, hakuuliza kitabu kimefungwa kwa nini.

Gloriose alikuwa amekuja, Carelle amemshika kitenge. Usiku mmoja wa kulala na neno ulikuwa umepita, na sasa alijibu.

"Mi sikusemaka kitu kwa mutu. Ule mutoto nilimupa ziwa yangu. Naweza kumuuzisha namna gani?"

Watu walinung'unika. Wengine walianza kulainika. Sabine akasimama, machozi yanamtoka, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Tulikuwa batatu tunajua! Batatu tu! Mi, bwana yangu, na we!"

Basi macho yote yakamgeukia Ezechiel. Alikuwa amekaa karibu na ua, anajizungushia tepu ya kupimia kwenye kidole mpaka kidole kikabadilika rangi.

"Papa Cadeau," alisema Mulenda, "uko na neno?"

Ezechiel alifungua kinywa. Alimtazama Gloriose, akamtazama mkewe, akaitazama tepu.

"Mama amekwisha kusema," alijibu.

Wakaamua. Mpaka atubu, Gloriose si wa shirika, awe kwao kama mpagani. Na kwa kuwa mtoto hapokei komunyo bila shirika lake kumsimamia mbele ya katekista, na shirika haliwezi kuwasimamia watu wasio wake, basi Carelle naye angoje.

"Mutoto amewakosea nini?" aliuliza Gloriose.

"Ni utaratibu, mama."

Carelle, aliyekuwa anaijua katekisimu yote kwa moyo hata kuwasaidia wenzake, alimvuta mama yake kitenge. "Mama, kwani mi nilishindwa swali gani?"

Sabine alisikia uchungu, tusimdhulumu. Alitaka hata kusema, mtoto mwacheni. Lakini alijiambia kwamba Neno halina huku na huku, na amelifuata hatua kwa hatua. Na jioni ile akamkataza Cadeau kuvuka ukuta.

*

Jumapili watoto waliingia kanisani kwa mstari, wasichana wote wakiwa weupe. Cadeau alipendeza. Sabine alipaswa kuwa na furaha, na kwa kiasi fulani alikuwa nayo, ila mtoto kila hatua mbili aligeuka nyuma kutafuta mtu. Nje madirishani walisimama wale wanaochelewa siku zote, na Sabine hakuwaangalia.

Kisha ikasomwa Injili. Petro anauliza, ndugu yangu akinikosea nimsamehe mara ngapi, hata mara saba? Anajibiwa, saba mara sabini. Na ile habari ya mtumwa aliyesamehewa makubwa na bwana wake, akatoka nje akamkaba mwenzake koo kwa madogo.

Sabine alishika ukingo wa benchi. Alimtafuta Mulenda kwa macho, akamkuta anatazama mabati ya kanisa kana kwamba mvua inavuja. Léoncie alikuwa ameinama. Ndiyo Injili ile waliyoifunga magotini Jumatano. Wangeisoma, hata mtu mmoja tu angesema imemgusa, wangekaa pale uani na kumkabili Gloriose namna gani?

Nyumbani walipika wali na kuku. Cadeau alitenga paja moja pembeni.

"Hii ni ya Carelle," alisema. "Naweza kumupelekea?"

"Kula," alisema Sabine.

Mtoto hakula, akatoka nje. Hapo Sabine alisikia cherehani, siku ya Mungu, watu wamekatazwa kazi. Aliingia akamkuta Ezechiel anamalizia gauni la pili.

"Unashona ya nani tena?"

"Inabakia mikono."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Ya Carelle." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mama Cadeau, haikuwa Gloriose. Ni mi."

"Ni we nini?"

"Ni mi njo nilisema kule ofisini. Mwezi wa pili. Unakumbuka Dimanche, ile Jumapili ya mbele ya kuitwa? Ilisomwa ile ya ndiyo yenu ikuwe ndiyo, hapana yenu ikuwe hapana, ingine yote ni ya Shetani. We mwenyewe ulisema kwa shirika imekugusa. Kisha nyumbani ukaniapisha niseme Cadeau tumemuzaa. Ule mama wa ofisi akaniuliza, ananiangalia hivi kwa macho: huyu mutoto mulimuzaa? Nikasema hapana. Nilifikiri akisikia habari yote ataelewa."

Sabine alishuka polepole mpaka chini, akakaa kwenye vipande vya kitambaa cheupe.

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Na Jumatano? Walikuuliza, Ezechiel. Mulenda alikuuliza kwa kinywa chake."

"Jumatano niliogopa bantu."

Alitaka kumkasirikia. Alitafuta pa kuanzia, akakosa. Mume alitii Injili moja, akaficha. Yeye alitii nyingine, akapayuka. Na katikati yao, katika nyumba hiyo moja yenye msalaba juu ya mlango, walikuwa wamemsaga mwanamke aliyewalelea mtoto kwa maziwa yake. Sabine alilia kwa sauti, na Ezechiel hakuthubutu kumgusa.

Alipopata nguvu alivuka ukuta. Alikuta kufuli mlangoni, na jiko lao la pamoja limefagiliwa majivu.

"Wameenda toka misa ilipoisha," alisema Léoncie kutoka upande wa pili. "Walipanda kabaza, baisikeli ya kukodi, mizigo mbele, batu nyuma. Atalala Biwi, kule Lilongwe, kwa ndugu zake, kuna mama wa Area 47 anamupa kazi ya kufua."

"Alisema kitu?"

"Alisema zikomo, asante tu. Nilimubebea sufuria."

*

Jumatano iliyofuata Sabine alisimama mbele ya shirika akasema yote, la kwake na la mumewe. Waliinamisha vichwa. Mulenda alisema basi uamuzi umefutwa, mama arudi, mtoto atapokea Pasaka. Aliyasema kwa utaratibu uleule. Kumfukuza kulikuwa kumewachukua siku tatu, na kumrudisha kuliwachukua sentensi moja, kwa kuwa mwenyewe hakuwepo.

Siku ya pili yake Sabine alikwenda Lilongwe na gauni limekunjwa ndani ya mfuko. Area 47 alizunguka kuta ndefu mpaka akapata lango aliloelekezwa. Mlinzi alimtazama kandambili, akamwambia angoje juani. Bibi mwenye nyumba alichungulia, akamwona mkimbizi mwenye mfuko, akasema, "Ntchito palibe, amayi," kazi hakuna, akageuka. Sabine alilazimika kumwita kwa nyuma na kueleza, kwa Chichewa chake cha sokoni, kwamba hatafuti kazi, anamtafuta mfuaji.

Gloriose alitoka na mikono inatiririka maji. Hakusema karibu. Nyumba haikuwa yake.

"Mama Carelle."

"Mama Cadeau. Umefika."

Sabine akapiga magoti palepale langoni.

"Simama," alisema Gloriose upesi. "Simama, mulinzi anaangalia. Bataniuliza."

Akasimama na vumbi lake. "Ni Papa Cadeau njo alisema kule ofisini. Haikuwa we. Nilikukosea mbele ya bantu bote."

"Mi nilijua haiko mi."

"Unisamehe."

"Nilishakusamehea. Ile Dimanche tulikuwa dirishani, mi na Carelle. Injili niliisikia. Saba mara sabini, na we umenikosea mara moja tu. Ningekataa namna gani?"

Sabine alipata pumzi. Akatoa gauni, maneno yakamtoka mbiombio. "Basi murudi. Shirika limefuta yote. Jiko iko vilevile, Cadeau analia kila siku. Carelle atapokea Pasaka, ona, Papa Cadeau amemaliza, ameweka na lesi hapa kwa shingo."

Gloriose alijifuta vidole kabla ya kugusa. Alipapasa mshono wa bega.

"Ameshona muzuri," alisema. "Pasaka itakuwa imemubana."

"Ataipanua."

"Oya, hapana, Mama Cadeau." Alimrudishia. "Juzi nilimuambia Dimanche twende misa huku mjini. Alikataa. Alisema, mama, si walisema siye ni wapagani, wapagani hawaingiake kanisani. Nilimuelezea sana. Mi nimesamehe. Yeye ni mutoto, hajue kuhesabu mpaka saba mara sabini."

Sabine alilikunja gauni, akalirudisha mfukoni. Gloriose alisogea karibu kidogo, akashusha sauti.

"Ungekuya hivi ile Jumatatu. Hivi unavyosimama, unaniambia wazi. Ningekuambia haiko mi, tungelia, tungemaliza chai."

"Nilikuya, Mama Carelle. Nilikuya peke yangu."

"Oya. Ile siku ulikuya na mafumbo. Leo njo umekuya peke yako."

Kutoka nyuma ya nyumba Carelle alitokea amebeba beseni la vibanio. Alipomwona mgeni alisita. Sabine alikuwa amekwisha kuinua mikono, amekwisha kutabasamu katika machozi yake, anangoja aitwe mama mukubwa.

"Carelle, salimia," alisema Gloriose.

Msichana aliweka beseni chini. Akaja kwa adabu, akapiga goti kidogo, akatoa mkono wa kulia na kuushika kwa wa kushoto, kama alivyofundishwa.

"Jambo, madame," alisema.

Gloriose alifungua kinywa amsahihishe, akakifunga. Ndani bibi mwenye nyumba aliita, na nguo za kufua zilikuwa bado nyingi.